Safu ya Saba

Usiirudishe kofia kwa ajili ya safu ya saba.
Najua imepinda. Niliiona kabla yako.

Safu sita za mwanzo nilizitoboa nyumbani, Mkomani,
Mwanashee akikuna nazi, akinisimulia harusi ya watu.
Ya saba niliianzia wodini,
kitanda cha tatu toka mlangoni,
Shekuwe kalala ubavu, nusu ya uso imemgomea,
nami natoboa tundu kila avutapo pumzi.
Pumzi zikienda mbio, vitundu vikabanana.
Pumzi ikakawia –
pasa kidole hapa –
mkono nao ukangoja hewani.
Ndio huo uwanja mtupu, mpana kuliko kucha.

Mama alinifunza maua kumi na mawili, kila moja na jina lake.
Hili hakunifunza.

Mwanashee alinijia na wembe: "Fumua, mama, utapata hasara."
Uzi hufumuka, nikamwambia. Tundu je?

Basi Shekuwe akatoka siku ya tisa.
Sasa anakunywa uji, ananikaripia kwa upande mmoja wa mdomo:
chai haina tangawizi, redio haisikiki.
Na juzi kijana wa Malindi kaiona safu hii, kaipenda,
anataka kofia kumi, zote na pengo lile.
Nimejaribu, wallahi. Nimehesabu, nimepima kwa kucha.
Zinatoka zimenyooka.

Ukitaka isiyo na kombo, nenda kwa Bi Khole, kichochoro cha pili.
Mkono wake hautetemeki.
Bado.