Ukoga wa Mawe

Kazi yangu mimi ni kushika mwavuli.
Si kwa mvua, ni kwa upepo,
maana hapa Hiiumaa upepo haujui Jumapili,
na lenzi ya Hilja, ikilisogelea jiwe kwa upana wa kidole,
huiona hata pumzi yangu kuwa tufani.
"Meinhard," huniambia, "usihemee huku."
Basi nageuza shingo, nahemea kwenye mireteni.

Miaka thelathini na mmoja alikwangua ukoga
kwenye meno ya watu wa Kärdla,
kiti kikipanda, kiti kikishuka, taa usoni:
Fungua. Zaidi. Tema.
Leo yuko juu ya gunia la viazi,
ameupigia magoti ukoga mwingine,
huu wa mawe, wenye rangi ya kiini cha yai,
uliotanda kwenye makaburi ya kanisa letu
na kutambaa, mwaka hata mwaka,
unene wa ukucha tu.
Huu hataki uguswe.

Siku ya kwanza nilipochungulia kwenye kioo cha kamera
nikasema, kama ramani.
Mwanawe wa Tallinn: kama lami iliyopasuka.
Mjukuu: kama piza.
Hilja akafunika lenzi, tik.
"Kama, kama, kama!
Mnakimbilia wapi?
Kitu hakijamaliza kujitaja
nanyi mmeshakiita kwa jina la jirani yake."

Nikanyamaza. Nikatazama tena.
Kingo zimejikunja, zimevimba kidogo.
Katikati, vikombe, vikombe, vikombe,
kila kimoja na mdomo wake uliokauka,
hakuna kilichojazwa, hakuna kinachoomba.
Halafu nyufa: zinakutana tatutatu,
zinafuata mwendo mmoja, unadhani umeujua,
mpaka mahali fulani ufa mmoja unakataa,
unakata kona peke yake.
"Hapo," hunong'ona. "Hapo ndipo napiga.
Sijapata kuona kinywa
chenye meno yaliyonyooka yote."

Mwezi Mei parokia ilimtuma kijana,
brashi ya waya mkononi, ndoo ya dawa.
Tulipofika ameshamaliza safu mbili.
Jiwe la Arvo lilikuwa jeupe.
Kwa majira tisa ya kuchipua Hilja alilipiga picha jiwe lile,
herufi R, ambayo duara la manjano
lilikuwa limeanza kuimeza mguu;
picha tisa, na rula ndogo ya chuma pembeni.
Sasa R ilisimama mguu mtupu,
na jina la mume wake lilisomeka
hata kutoka langoni.

Hakupiga kelele.
Alimtazama kijana mdomoni, mazoea hayo,
akasema: "Gego lako la nyuma, kushoto.
Usilichelewe."
Kisha akatandika gunia.
Akapiga picha mikwaruzo ya brashi.
"Kuna nakshi hapo?" nikauliza.
"Ipo. Ya mtu mwenye haraka."

Alikaa hivyo muda mrefu, goti likimlalamikia.
Mwishowe akanyoosha kidole bila kugusa.
Ndani ya tundu la R, brashi isipoingia,
palikuwa na nukta, punje ya mpopi,
manjano.
Nikapiga hesabu, nami si mtu wa hesabu:
hata irudi kuifunika herufi nzima
ni miaka arobaini.
Yeye ana sabini na minne. Mimi namzidi.

"Kama," nikaanza.
"Tena, Meinhard?"
"Siyo kama ile. Ni ile nyingine.
Kama tutakuwepo."

Alizungusha lenzi, akatafuta ukali wa picha,
akaupoteza, akaupata.
"Shusha mwavuli kidogo," akasema.
Nikaushusha.
Nikahemea kwenye mireteni.