Kitanda Mlichokileta

Kitanda mlikileta ninyi, Jumanne asubuhi,
wanaume wawili na lori la halmashauri ya Hull.
Mmoja, Desmond, aliomba maji akanywa kwa kusimama.
Kina mota, kinapanda na kushuka,
kina vyuma pande mbili ili Mwanakheri asianguke.
Nilitia sahihi. Karatasi ninayo.

Mwezi wa pili niliandika:
miguu ya binti yangu hukakamaa usiku,
hupiga chuma, tafadhali leteni mito ya kuvifunika.
Mwezi wa tatu nikaandika tena.
Mwezi wa nne nilipiga simu, nikasikilizishwa fidla
dakika arobaini na moja, bado nimevaa aproni ya kiwandani,
unga wa mikate mpaka kwenye nyusi.

Mwezi wa tano mwalimu akaona baka.
Pajani, rangi ya zambarau iliyoiva.

Lililoshinda barua mbili na simu, baka moja liliweza:
mlikuja siku hiyohiyo.
Mlikuwa watatu. Mlivua viatu bila kuambiwa, na hilo nilishukuru.
Mkapima baka kwa rula.
Kitanda hamkukipima.

Mtoto hulia? Hulia.
Huwa unamshika mikono? Namshika, atavaaje shati?
Mkaandika: baba anakiri kumshika mikono.
Mkamgeukia yeye, naye hana sauti ya maneno,
hujibu kwa macho: juu ni ndiyo, pembeni ni hapana.
Nikasema, ngojeni, huchukua muda.
Mkaandika: baba anamjibia.

Usiku kumi na tisa alilala kwa watu nisiowajua.
Saumu, mke wangu, hakuacha kumsagia uji,
kila saa mbili mashine ikinguruma jikoni,
kisha anaumwaga, anaosha jagi, analifuta, analiweka.
Mimi nilikwenda kwenye kile kitanda.
Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Nikakilalia. Nikabonyeza kitufe, kikanipandisha, kikanishusha.
Nikaurusha mguu kama aurushavyo yeye,
mara moja, mara ya pili,
na asubuhi nilikuwa na baka langu,
mahali palepale.
Hakuna aliyekuja na rula.

Sasa Alhamisi tunasimama kwenye ngazi za ukumbi wa mji,
upepo wa Humber ukitunyang'anya mabango.
Yupo Lorraine, mwanawe akipiga chafya ubavu huvunjika;
mwaka mzima aliruhusiwa kumwona kupitia kioo.
Yupo Bogdan, aliyeambiwa kifafa cha bintiye amekitunga yeye,
mpaka binti alipoanguka miguuni pa daktari.
Na yupo mwanamke asiyetaja jina,
husimama ng'ambo, kituo cha basi,
bango lake limekunjwa ndani ya koti.
Hatumwiti. Tunamwachia nafasi.

Wiki jana kijana alitupita, akatufokea:
kuna watoto wanauawa majumbani humu humu!
Lorraine akamjibu, ni kweli. Ndiyo maana.
Hakuongeza neno.
Nami tangu siku hiyo nalitafuna hilo "ndiyo maana."
Zile saa mlizokaa sebuleni kwangu na kalamu,
mtoto gani, mtaa gani, nyuma ya mlango gani,
alikuwa akiwasubiri ninyi,
yeye kwa kweli?

Faili mmelifunga. Mmeandika: haikuthibitika.
Hamkuandika: haikutokea.
Baina ya maneno hayo mawili ndipo ninapoishi,
ndipo namwogesha binti yangu mlango ukiwa wazi,
nikisema kwa sauti kila ninachofanya,
kana kwamba ukuta unaandika.

Mito haijaja. Saumu amevifunga vyuma kwa blanketi na kamba.

Leo Mwanakheri amekuja nasi, kwenye kiti chake,
kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi.
Ilipoanza mvua niliinama nikamwuliza,
mama, umechoka, turudi nyumbani?
Nikangoja.
Huchukua muda.
Macho yake yakaenda pembeni.