Saa ya Mpagazi

Bwana Hatimali hafungui kopo mbele ya mgeni
mpaka feni izimwe na mikono ioshwe.
Kisha harufu ya siki inapanda,
utadhani kachumbari imesahauliwa chumbani:
ndivyo filamu inavyokufa, anasema, inachacha kama togwa.

Mkanda wa tatu. Vita vya Mjerumani,
vilivyopiganwa upya huko Pugu kwa baruti ya kuazima,
miaka arobaini baada ya risasi ya mwisho.
Mashine inatafuna, ukuta wa Upanga unageuka nyika.
Maafisa wenye masharubu ya gundi
wanakufa kwa adabu, kofia zikibaki vichwani.
Farasi ni mmoja tu, anapitishwa mara tano awe kikosi.
Mimi nacheka. Yeye hacheki.
Anairudia kama ulimi unavyolirudia jino bovu.

Wamempigia simu kutoka Tanga, Mombasa, hadi Muskati,
wakusanyaji wenye makabati ya kufuli,
wanalitaka kopo hili, si jingine,
kwa ajili ya sekunde kumi na moja
zilizokatwa katika nakala zote za baadaye:
msafara wa wapagazi unavuka korongo,
na wa saba, mwenye sanduku la risasi utosini,
amevaa saa ya mkononi.

"Kosa," anasema, macho yakimeremeta,
"kosa safi kabisa. Hilo ndilo linaloipa bei."

Simwambii upesi.
Naomba arudishe. Anarudisha.
Mpagazi anatembea kinyumenyume, anazama korongoni,
anaibuka tena, na ile saa inang'aa.

Babu Mwinshehe alilipwa shilingi mbili na mkate.
Walimwambia aivue. Shuka la kaniki halina mfuko,
angeiweka wapi, na watu mia tatu porini?
Akaizungushia kitambaa. Kwenye korongo kitambaa kikadondoka.

Baba yake yeye alibeba sanduku la kweli,
akafuatana na vita hadi Mahiwa, hakurudi.
Jina lake halimo katika daftari lolote;
limebaki lile la jumla, Kariakoo,
ambamo tunauziana nyanya na vitenge.

Taa inawashwa. Bwana Hatimali anapangusa lenzi.
"Unamjua?"
Nainua mkono wangu wa kushoto.
Kioo kina ufa; inachelewa dakika nne kila siku.
Ananitazama, analitazama kopo,
na kwa mara ya kwanza jioni hii
hataji bei.