Mikono ya Agosti

Desemba vidole vyangu hukakamaa kama kuni.
Hapa Kainuu jua la majira hayo huja saa nne,
huchungulia, huaga saa nane,
nami siwezi kufungua kopo la jamu,
sembuse kukanda.

Kwa hiyo nakanda Agosti.
Maziwa ya vuguvugu, siagi, sukari, chumvi kidogo,
iliki niliyoitwanga mwenyewe,
si ile ya dukani inayonukia boksi lake.
Hamira nazidisha kijiko,
maana baridi nayo ina tumbo, itakula fungu lake.
Nakanda mpaka kinyunga kiache kunata,
kiwe laini kama ndewe ya mtoto.
Sikipi nafasi ya kuumuka.
Nakifunga upesi, nakilaza frizani,
na juu ya mfuko naandika tarehe kwa wino mzito.
Mifuko ishirini na mitatu.
Mikono ya Agosti inaikopesha mikono ya Desemba,
na haidai riba
ila usiku mmoja wa kungoja.

Mwaka huu, usiku wa tarehe kumi na tisa, radi ilipiga.
Nilisikia kitu kikianguka, kizito, bila haraka,
kisha friza ikanyamaza.
Hujui kwamba friza husema
mpaka siku inyamaze.

Asubuhi nikaona: msonobari wa Tyyne
umelala juu ya nyaya, mizizi hewani.
Msonobari uleule. Miaka kumi na tisa iliyopita
Kalervo wangu alivuka ua, kofia mkononi,
akaomba ukatwe kabla haujatuangukia.
Tyyne akasema ulipandwa na babake.
Kalervo akasema lake.
Baada ya hapo hakuna aliyesema tena.
Siku tulipomzika, Tyyne alisimama langoni mwa makaburi.
Hakuingia. Hakuondoka.

Mafundi wa umeme wakasema siku tatu, labda nne.
Jioni ya pili kifuniko cha friza kilikuwa kimeinuka
kiasi cha kidole, kama mtu anayechungulia wageni.
Ndani mifuko imevimba, imekumbatiana,
mmoja umepasuka, kinyunga kimewafunika samaki wangu.
Hamira yote ilikuwa hai,
ikidai haki ya majira mazima kwa siku moja.
Nilicheka. Kisha nikaketi juu ya ndoo nikalia,
wala si kwa ajili ya mikate.

Jiko langu ni la umeme.
La Tyyne ni la mawe, la kuni, la tangu vita.

Gurudumu la toroli lilipiga kelele njia nzima, likinitangaza.
Nilimkuta uani akitazama shimo la mizizi.
Nilikuwa na maneno. Miaka kumi na tisa nilikuwa nayo,
yamefungwa vizuri, kila moja na tarehe yake.
Nikasema, "Vinaumuka."

Akatazama toroli. Akaingia ndani.
Nikasikia akivunja vijiti.

Tulioka hadi saa nane za usiku,
tukizungumza mambo ya moto tu:
ngoja kidogo, geuza, leta huo.
Mingine ilikuwa imepitiliza, imebonyea katikati
kama godoro la mzee. Hiyo tuliila kwanza, kwa kahawa.
"Umetia iliki nyingi," akasema.
"Ndivyo alivyopenda Kalervo."
Akatafuna. "Najua," akasema.

Kuni tulizochoma hazikuwa za msonobari ule.
Ule ulikuwa bado mbichi.

Leo ni Desemba kumi na moja. Frizani kuna mifuko sita.
Jana usiku nilitoa mmoja, nikauacha mezani,
na asubuhi ulikuwa umelegea, umeamka.
Tarehe yake ni ya Novemba,
mwezi ambao mikono yangu haikandi.
Herufi zimelalia kushoto; zangu husimama wima.
Nimeoka. Nimekata kipande kingali moto.

Iliki ni kidogo mno.
Nitamwambia.