Kidonge na Siagi

Thunder Bay, Februari. Saa moja asubuhi
na giza bado limeganda kwenye kioo.
Nakata siagi, kipande cha unene wa kidole,
naiacha ichemke, nayavunja mayai mawili juu yake
kama nilivyofanya kabla siagi haijaharamishwa nyumbani kwetu.

Miaka kumi na mmoja tulikula mkate mkavu
kwa ajili ya moyo wa Reino.
Sasa daktari mwingine, binti mwenye viatu vyekundu,
anasema kidonge hiki hakisafiri peke yake.
Mara mbili kwa siku, pamoja na chakula, na chakula chenye mafuta.
Ukikimeza tumbo likiwa tupu
umetumbukiza barua kwenye sanduku
ambalo tarishi halifikii.

Sikujua ni ugonjwa.
Kwanza aliacha kupiga mluzi akinyoa.
Kisha ndevu zenyewe zikawa za kungojewa siku tatu.
Koleo la theluji akampa kijana wa jirani, dola ishirini,
akasimama dirishani akimtazama
kama mtu anayetazama mali yake ikinadiwa.
Kitandani aligeukia ukuta.
Nikasema: kuna mwanamke.
Nilimtafuta mifukoni mwa koti lake, nikapata
risiti ya karanga, na betri mbili zilizokufa.

Damu ilitolewa alfajiri mbili tofauti,
maana homoni hii ni kama mwokaji mikate,
ukitaka kuikuta kazini sharti uidamkie.
Saba nukta mbili. Mara ya pili, saba kamili.
Aliikunja karatasi mara nne,
akaizika ndani ya kopo la misumari,
na kwa mwezi mzima hatukuitaja.

Jeli ndiyo ilitangulia. Akiipaka mabegani
alimkwepa Aili, mjukuu wetu wa miaka minne,
isije dawa ya babu ikahamia kwa mtoto.
Aili akauliza kama babu amemkasirikia.
Siku hiyohiyo Reino alipiga simu mwenyewe,
yeye ambaye hata piza huniachia mimi niagize.

Watu huita nguvu za kiume,
kisha hucheka na kutazama chini ya mkanda.
Wangeniuliza mimi.
Ningewaambia zilikuwa nguvu za kufungua kopo la matango,
za kuitukana televisheni timu ikicheza kizembe,
za kulia kwenye mazishi ya Toivo,
waliyepakia naye ngano bandarini miaka ishirini na sita,
badala ya kukaa kwenye benchi la kanisa
kama gunia lililosahauliwa ghalani.
Na hayo mengine, ndiyo, na hayo pia.
Mimi si jiwe.

Kila Jumapili naufunga mkono wake
kwa kitambaa kile kinachovimba na kukoroma.
Shinikizo likipanda likagoma kushuka, kidonge kitasimama,
tuliambiwa hivyo, na tuliitikia.
Juzi mashine ilisema mia na arobaini na moja.
Tukatazamana. Tukapima tena.
Mia na thelathini na nane.
Nimeiandika kwenye kalenda kwa penseli.

Leo ni wiki ya tisa. Hajawa bwana harusi.
Mluzi sijausikia.
Theluji bado inakokotwa na kijana wa jirani,
ambaye amepandisha bei.

Nikamwekea sahani. Kidonge pembeni,
kama harage lililomkimbia mwenziwe.
Akameza, akatafuna, akasimamisha uma.
"Hayana chumvi," akasema.
Miaka mitatu huyu mtu
amekula nilichompa bila kukionja.
"Marjatta, nimesema hayana chumvi."

Nikamsogezea kikopo kabla sijafikiri,
kisha nikaikumbuka ile penseli,
nikakivuta.
Naye akakishika.
Tukabaki hivyo, mayai yakipoa,
kikopo katikati yetu,
na mimi navuta,
na hakiji.