Kinachofuata

Umeme umekatika tangu juzi.
Simu ya mama nimeiegemeza kwenye sufuria;
mwanga wake unanuka sambaza.
Mtihani wa kuingia sheria ni Jumamosi.

Mugisho, aliyefeli mara mbili
na sasa anabeba matofali Nguba,
ndiye mwalimu wangu.
Malipo: fufu, na sambaza nane.
Huzihesabu.

Andika, asema.
Mvua ikinyesha, ngazi za Kadutu huteleza.
Leo ngazi zinateleza.
Je, mvua imenyesha?

Imenyesha, nikajibu, hata pumzi sikuvuta.
Akacheka hadi mwiba ukamkwama.
Na aliyemwaga maji ya samaki ni nani?
Gizani, mama akakohoa.
Ni yeye. Kila jioni, beseni zima.

Ndipo nikajua kwenda na kurudi
si safari moja.
Kutoka mvuani hadi kwenye utelezi, njia ipo.
Kutoka kwenye utelezi kurudi mvuani
ni daraja lililokatika katikati:
ng'ambo unaiona,
mguu hauna pa kutua.

Usitafute ukweli, Mugisho asema,
tafuta kinachofuata.
Mama akaacha kupepea makaa.
Huo ukweli umewakosea nini
hata usitafutwe?
Hatukuwa na jibu. Tukaendelea na swali la tisa.

Jumanne wakamchukua kaka yangu Byamungu.

Duka la Cirhuza lilikuwa limevunjwa usiku:
simu kumi na moja, katoni ya sabuni.
Shefu wa avenyu akapanda juu ya kreti
akasema kwa sauti ya kanisani:
Mwizi ameacha nyayo za udongo mwekundu.
Byamungu ana udongo mwekundu viatuni.
Hakusema "basi".
Watu walimsemea.

Nikasikia mdomo wangu ukifunguka.
Shefu, tazama viatu vyako.

Akatazama.
Kila mtu akatazama vya kwake:
miguu themanini, mia,
yote imevaa kilima kilekile.
Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba kwa kitenge.

Mtoto, unaniita mwizi?
Hapana, shefu. Ndivyo ninavyosema.
Hilo halifuati.

Hoja yangu ilikuwa nzima, haina ufa,
ungeweza kuchotea maji.
Byamungu alilala kasho siku mbili.
Alitoka kwa faranga,
na faranga zilitoka kwenye kitenge cha harusi ya mama,
na kwenye mizani,
na zilipopungua kidogo,
kwenye beseni.

Usiku ule Mugisho hakugusa chakula.
Alisema mtihani hauulizi mambo kama yale.
Kisha akasema, polepole,
kama anayejaribu jiwe kwa unyayo:
au labda ndiyo maana wanauliza.

Jumamosi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza ugomvi wake,
nilifungua mlango. Mbingu kavu, nyota bado zipo.
Ngazi zinateleza.

Nikasimama na kalamu mbili mkononi.
Mvua, au maji ya samaki.
Maji ya samaki hayapo,
beseni liko kwa mtu mwingine sasa, soko la Nyawera.
Basi mvua ilinyesha nilipolala.

Daraja lile lililokatika,
nimelivuka kurudi, na limenibeba,
kwa kuwa tuliuza
sababu ya pili.

Nikashuka kwa kushika ukuta.

Swali la kumi na saba lilihusu mbwa, wageni, na kubweka.
Mbwa hubweka akimwona mgeni. Mbwa amebweka.
Nilizungushia D: haiwezi kujulikana.
Niliizungushia mara mbili, karatasi ikakaribia kutoboka.

Chini ya meza viatu vyangu vilikuwa vyekundu.
Msimamizi akapita kati ya safu, mikono mgongoni,
akiacha nyuma yake, sakafuni,
nyayo.