Sakafu ya Ukumbi wa Gwaride

Mbao hizi nazijua kwa ufagio.
Hapa, hatua tatu toka mlangoni, pamebonyea:
ndipo walipogeukia. Nyuma, geuka! Nyuma, geuka!
vijana wa Orkney, mabegani mipini ya mafagio,
maana bunduki zilikuwa hazijafika.

Erlend Baikie alichonga jina lake dirishani,
akabakiza herufi moja.
Meli ilikuwa ikipiga honi.

Kisha ukawa wodi ya mafua,
ghala la viazi,
dansi za Jumamosi.

Leo wamepigilia kibao cha shaba: turathi.
Wakaniuliza, Bibi Isbister, tuipige msasa sakafu?
Nikawaambia, msithubutu.

Jioni watoto hucheza mpira,
na mpira ukifika pale penye kibonde
hugeuka ghafla,
kama uliosikia amri.